Zamu na Hati: Historia ya Ugawaji wa Maji katika Bonde la Mto Pangani

Katika vitu vyote ambavyo mwanadamu hujaribu kuvimiliki, hakuna kimponyokacho upesi kuliko maji. Ardhi hukaa mahali pake. Mtu aweza kuizungushia ua, kuipima kwa kamba na kumrithisha mwanawe. Mnyama hutiwa alama sikioni akajulikana ni wa nani. Maji hayakai. Yaliyo mbele ya mtu asubuhi, jioni yamekwisha kuwa mbele ya mwingine, na baada ya siku chache yamo baharini. Kwa sababu hiyo sheria ya maji imekuwa ngumu kutungwa kuliko sheria ya ardhi, maana si sheria ya kushika kitu bali ni sheria ya kukipitisha. Akaaye juu ana uwezo wa kumnyima akaaye chini, naye wa chini hana uwezo wa kumrudishia tendo lake. Mto haupandi kilima.

Insha hii yakusudia kueleza historia ya sheria hiyo katika bonde moja la Tanzania, nalo ni bonde la Mto Pangani. Nimelichagua kwa sababu ndani yake sheria mbili za maji zimekaa pamoja kwa miaka mia moja bila kufahamiana vema. Ya kwanza ni sheria ya mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia ambao Wachagga waliuchimba katika miteremko ya Kilimanjaro kabla ya kuja kwa dola yoyote ya kigeni. Ya pili ni sheria ya Serikali, iliyoanza kuandikwa wakati wa ukoloni na kuendelezwa baada ya uhuru. Sheria ya kwanza hugawa maji kwa zamu. Ya pili hugawa kwa hati. Watu wengi hudhani kuwa ugomvi wa maji katika bonde hili umetokana na uchache wa maji peke yake. Uchache upo, wala hakuna awezaye kuukana. Lakini nitajaribu kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya ugomvi imetokana na neno moja ambalo zamu ililijua na hati haikulijua: kwamba mto hauna kiasi kimoja.

Yafaa kwanza tuutazame mto wenyewe. Pangani una urefu upatao kilometa 500, na bonde lake lina eneo la zaidi ya kilometa za mraba 43,000, ambalo sehemu yake ndogo imo Kenya. Matawi yake makuu ya juu ni mawili. Kikuletwa hukusanya maji ya mlima Meru na ya upande wa kusini wa Kilimanjaro. Ruvu hukusanya maji ya upande wa mashariki wa mlima huo na ya ziwa Jipe, lililo mpakani mwa Tanzania na Kenya. Matawi hayo hukutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Toka hapo mto hushuka katika nyika kavu, hupokea maji ya Mkomazi na ya Luengera kutoka milima ya Pare na Usambara, kisha huingia katika Bahari ya Hindi penye mji wa Pangani. Wageni wengi hufikiri kuwa maji haya hutoka katika theluji ya Kilimanjaro. Ukweli ni kwamba theluji huchangia kidogo sana. Maji hutoka katika msitu, ambao huzuia mawingu na kupokea mvua ipitayo milimita 2,000 kwa mwaka katika miteremko ya kusini, hali nyika iliyo chini yake hupata kama robo ya kiasi hicho. Basi tangu awali Muumba ameyaweka maji juu na ardhi pana chini. Historia yote ya bonde hili ni historia ya watu wa kati ya ncha hizo mbili.

Watu wa kwanza kuyashusha maji hayo kwa akili walikuwa wenyeji wa mlima. Wageni waliofika Kilimanjaro katika nusu ya pili ya karne ya 19, kama Harry Johnston aliyekaa Moshi mwaka wa 1884, walistaajabia mifereji waliyoiona ikipita katika migongo ya vilima, ikipeleka maji mbali na mito iliyokuwa chini sana katika mabonde. Charles Dundas, aliyepata kuwa mtawala wa wilaya ya Moshi, aliandika juu yake katika kitabu chake cha mwaka wa 1924. Na Bruno Gutmann, mmisionari wa Kijerumani, aliieleza sheria ya Wachagga katika kitabu kikubwa kilichotoka mwaka wa 1926. Toka maandishi hayo, na toka kumbukumbu za wenyeji, twaweza kuijua sheria ya mfongo kwa kadiri ya kutosha.

Mfongo ulianza kwa mtu mmoja mwenye jicho zuri. Mwanzilishi aliuchunguza mto, akachagua mahali pa banio, kisha akaifuata njia ya maji kwa mteremko mdogo mno, hata yakafika penye migomba ya ukoo wake. Hakuwa na chombo cha kupimia ila jicho lake na maji yenyewe: mteremko ukizidi, maji hula udongo na kubomoa ukingo, ukipungua, hutuama na kuoza. Alihitaji idhini ya Mangi, mtawala wa nchi, na alihitaji mikono ya jamaa na majirani. Kazi ilipokwisha, na sadaka ya mbuzi na mbege ilipotolewa, mwanzilishi akawa mwenye mfongo, na cheo hicho kikarithiwa katika ukoo wake. Lakini mwenye mfongo hakuwa mwenye maji. Alikuwa msimamizi. Yeye alitaja siku za kusafisha mfereji, alipanga zamu, alisikiliza mashtaka ya walioibiana maji usiku, na aliwatoza waliokosa.

Maji yenyewe yaligawiwa kwa wakati. Mmoja aliyapata toka asubuhi mpaka adhuhuri, mwingine toka adhuhuri mpaka jioni, wa tatu siku ya pili, mpaka mzunguko ukaisha na kuanza tena. Maji ya usiku hayakuachwa yapotee. Yaliingizwa katika lambo dogo lililoitwa nduwa, na asubuhi yakafunguliwa. Wapare nao walikuwa na malambo ya namna hiyo, wakayaita ndiva, na mengi yako mpaka leo. Kwa maji hayo migomba ilivumilia kiangazi, na ulezi, ambao ndio uhai wa mbege, ulilimwa katika majira yasiyo na mvua.

Sheria hiyo ilikuwa na nguzo tatu, nami namwomba msomaji azishike moyoni, kwa sababu zitarudi mbele. Nguzo ya kwanza ni kwamba haki ya maji ilitokana na jasho, tena jasho lisilokwisha. Aliyechimba alikuwa na haki, na mwanawe alirithi. Lakini asiyefika siku ya kusafisha mfereji alitozwa faini, na akishupaa, zamu yake ilimpita. Mgeni aliyehamia aliweza kuingizwa katika mzunguko kwa kutoa kazi na kinywaji. Haki hiyo basi haikuwa kama pesa iliyofichwa sandukuni. Ilikuwa kama urafiki, ambao hufa usipotunzwa.

Nguzo ya pili ni kwamba hakuna mtu aliyeahidiwa kiasi. Aliahidiwa wakati. Mto ulipojaa, nusu siku ya kila mtu ilikuwa na maji mengi. Mto ulipokauka, nusu siku hiyo hiyo ilikuwa na maji machache, na uhaba ukawagawanyikia wote kwa kipimo kilekile cha neema. Nguzo ya tatu ilikuwa katika banio lenyewe. Banio lilijengwa kwa mawe, matawi, majani na magome ya migomba. Lilivuja. Mafuriko yalipokuja lilichukuliwa, nao wenye mfongo wakalijenga upya. Mhandisi wa leo huona kuvuja huko kuwa kasoro. Lakini lililovuja juu lilikuwa riziki ya mfongo wa chini, na hapakuwa na banio lililoweza kuumeza mto mzima.

Wazo la kugawa maji kwa wakati si la Wachagga peke yao. Katika Oman, nchi ambayo watu wengi wa pwani yetu na wa Unguja wana jamaa ndani yake, maji ya falaji, yaani mifereji inayoleta maji ya chini ya ardhi mpaka mashambani, hugawiwa kwa kipimo cha wakati kiitwacho athari, ambacho ni kama nusu saa, na zamani kilipimwa kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku. Athari hununuliwa, hurithiwa na huwekwa wakfu kwa misikiti. Wachagga hawakujifunza kwa Waarabu, wala Waarabu kwa Wachagga. Watu hao wawili, mmoja katika mlima wa mvua na mmoja katika jangwa, walifika katika shauri moja kwa sababu walikabiliana na swali moja: utamwahidi mtu nini katika kitu ambacho wewe mwenyewe hujui kesho kitakuwa kiasi gani? Wakajibu: mwahidi zamu.

Sasa tuje kwenye sheria ya pili. Mwaka wa 1895 dola ya Kijerumani ilitoa amri iliyoifanya ardhi isiyokuwa na mwenyewe, kwa macho yake, kuwa mali ya dola. Walowezi wakagawiwa mashamba katika miteremko ya chini ya Kilimanjaro na Meru, mahali palipo na ardhi tambarare kuliko kwa wenyeji, lakini penye mvua chache. Walowezi nao wakachimba mifereji. Waingereza walipowaondoa Wajerumani katika Moshi mwaka wa 1916, walirithi hali hiyo: Mwafrika juu, mlowezi chini, na mto mmoja kati yao. Mwaka wa 1923 Serikali ya Tanganyika ilitunga sheria ya kwanza ya Kiingereza ya kusimamia maji ya asili, na bodi za maji zikaundwa ili ziamue nani achukue maji wapi.

Hapo ndipo lilipozaliwa shitaka ambalo halijafa mpaka leo, kwamba mfongo hupoteza maji. Maafisa walisema kuwa mfereji wa udongo hunyonywa na ardhi, na kwamba maji yaingiayo katika banio ni mengi kuliko yafikayo shambani. Shitaka hilo lina kweli ndani yake, lakini ni nusu ya kweli. Maji yaliyonyonywa na ardhi hayakuondoka duniani. Mengine yalimwagilia mizizi ya migomba na miti iliyosimama kando ya mfereji, na mengine yalishuka chini ya ardhi na kutokeza tena katika chemchemi za tambarare. Mpotevu katika hesabu ya mhandisi alikuwa mfadhili katika hesabu ya jirani. Jambo hili la bodi na mifereji lilikuwa zito hata mwaka wa 1935 ikachapwa taarifa ya Teale na Gillman juu ya udhibiti wa maji na upangaji mpya wa bodi za maji katika Jimbo la Kaskazini. Taarifa yenyewe ni ushahidi kwamba Serikali ilikuwa imekwisha kutambua kuwa maji ya mlima huo yalitaka usimamizi uliopita uwezo wa bodi zilizokuwapo.

Kisha ikaja sheria ya mwaka wa 1948, na baada yake ile ya mwaka wa 1959. Katika sheria hizo maji yote ya nchi yaliwekwa chini ya Gavana. Mtu aliyetaka kuyatumia kwa kilimo au kwa kiwanda alipaswa kuomba haki, naye akikubaliwa alipewa hati. Hati ilitaja jina lake, mto wake, mahali pa banio lake, matumizi yake na kiasi chake kwa kila nukta ya saa. Tusiharakishe kuidharau hati. Ilikuwa na faida zake: iliandikwa, kwa hiyo haikutegemea kumbukumbu ya mzee aliyekaribia kufa, ilimfaa mtu asiye na ukoo mahali pale, na iliwapa wasuluhishi kitu cha kushika mkononi. Wenye mashamba makubwa, walio na makarani na mawakili, waliipenda. Lakini mifongo mingi ya mlima haikuwa na hati. Iliachwa chini ya mila, na kuachwa si sawa na kukubaliwa. Mwenye mfongo alilala usiku mmoja akiwa mwenye haki kwa jasho la babu yake, akaamka akiwa mtu anayevumiliwa. Na hakuna aliyekwenda kumwambia.

Uhuru ulipopatikana mwaka wa 1961 wengi walitazamia kwamba sheria ya maji ingegeuka sura. Ilibadilika jina la mwenyewe tu. Mwaka wa 1963 utawala wa machifu ulifutwa nchini, na kwa hiyo Mangi, aliyekuwa mwamuzi wa mwisho wa ugomvi wa mifongo, akaondoka. Mwaka wa 1974 Bunge lilipitisha sheria namba 42 ya kudhibiti matumizi ya maji, nayo ikasema kwamba maji yote ya Tanzania Bara ni mali ya Jamhuri ya Muungano, na kwamba haki ya kuyatumia hutolewa na ofisa wa maji. Kusema kwamba maji ni ya taifa ni neno jema, maana linawazuia matajiri wasiyafanye kuwa yao. Lakini mfumo wa hati, wenye kiasi kilichoandikwa, ulirithiwa kama ulivyokuwa. Taifa lilikalia kiti cha Gavana bila kuuliza kiti chenyewe kilitengenezwa kwa umbo gani.

Wakati huohuo mtumiaji mwingine alikuwa amekwisha kuingia mtoni, mwenye nguvu kuliko wote waliotangulia. Naye ni umeme. Maporomoko ya Pangani yalikuwa yakizalisha umeme tangu miaka ya 1930. Mwaka wa 1964 kituo cha Hale kilifunguliwa chenye uwezo wa megawati 21. Katika miaka ya 1960 likajengwa bwawa la Nyumba ya Mungu, lililowekewa mtambo wa megawati 8, na kazi yake kubwa ni kuhifadhi maji ya masika yatumike kiangazi katika vituo vya chini. Mwaka wa 1995 kituo kipya cha Pangani, cha megawati 68, kilianza kazi kwa msaada wa nchi za Ulaya ya kaskazini. Jumla ya vituo hivyo vitatu ni megawati 97. Kila lita iliyomwagilia mgomba au mpunga juu ya bwawa ilikuwa lita isiyozungusha mtambo. Mkulima wa mlimani, ambaye hapo zamani mshindani wake alikuwa mlowezi aliyemwona kwa macho, sasa akawa na mshindani aliye mbali kilometa mamia, asiyekuwa na uso wala jina, ila swichi ya taa katika nyumba ya mtu mwingine.

Hapo ndipo usimamizi wa mto mzima ulipohitajiwa. Sheria ya mwaka wa 1974 ilikuwa imekwisha kurekebishwa mwaka wa 1981 ili nchi igawanywe katika mabonde ya mito, na mwaka wa 1991 ikaundwa ofisi ya maji ya bonde la Pangani, ya kwanza ya namna yake nchini. Wazo lilikuwa sahihi, kwa kuwa mto haujui mpaka wa wilaya wala wa mkoa. Katika miaka hiyo ya 1990 ikaja pia ada ya matumizi ya maji. Wenye mifongo walitakiwa waandikishe mifereji yao, waombe hati na kulipa kila mwaka. Wengi walikataa, na hoja zao zilikuwa mbili. Walisema kuwa maji ni ya Mungu, na walisema kuwa mfereji waliuchimba wao. Maofisa waliisikia hoja ya kwanza wakaiona kuwa ni ushamba. Ya pili hawakuisikia kabisa. Nasi tukiipima twaona kuwa hoja ya pili ni ya kisheria kamili. Mkulima hakusema kuwa maji hayana gharama. Alisema kuwa gharama yake amekwisha kuilipa, na aendelea kuilipa kila siku ya kusafisha mfereji, tena kwa fedha isiyoghushiwa, yaani mgongo wake.

Mfano ulio wazi kuliko yote wa kutofahamiana kwa sheria hizi mbili ni ule wa mpunga katika tambarare iliyo kusini ya mji wa Moshi. Mwaka wa 1987 ulikamilika mradi mkubwa wa umwagiliaji wa Lower Moshi kwa msaada wa Japani. Mifereji ilisakafiwa, mashamba yakasawazishwa, na hesabu ya maji ya mto Rau na ya chemchemi za Njoro ikapigwa kwa makini. Eneo la mpunga lilipangwa kuwa hekta 1,100. Mavuno yalikuwa mazuri, na uzuri huo ndio ulioleta matata. Wakulima waliokuwa juu ya mradi walipoona faida ya mpunga, nao wakalima mpunga, wakayachukua maji kabla hayajafika katika mabanio ya saruji. Mradi ulikuwa na haki. Wao walikuwa na mto. Eneo lililopata maji ndani ya mradi likapungua mwaka baada ya mwaka. Watu wa mradi waliwaita wale wa juu wezi. Wale wa juu walijibu kuwa maji yamepita mbele ya milango yao tangu enzi za babu zao, na kwamba hakuna aliyewauliza siku hesabu ilipopigwa. Hesabu ilikuwa sahihi juu ya mto na kosa juu ya watu.

Hata hivyo si haki kumsifu wa zamani kwa kumsimanga wa sasa. Mfongo nao ulikuwa na mapungufu, na mengine yalikuwa makubwa. Ulikuwa sheria ya wanaojuana. Uliwajua wenye zamu wa mfereji mmoja, na pengine uliujua mfongo wa pili na wa tatu chini yake. Lakini haukumjua mvuvi wa mabwawa ya Kirua, wala mfugaji wa nyika, wala mkazi wa mji wa Pangani. Mwanamke, ambaye ndiye aliyeteka maji ya kupikia kila siku, aghalabu hakuwa na zamu kwa jina lake wala kauli katika mkutano. Tena mfongo ulitungwa katika nchi ya watu wachache. Sensa ya mwaka wa 2022 ilihesabu watu zaidi ya 1,800,000 katika Mkoa wa Kilimanjaro peke yake. Zamu ikigawanywa tena na tena kati ya warithi, mwisho wake huwa ni zamu isiyoweza kulowesha tuta moja.

Na wa chini wameumia kweli. Mabwawa ya Kirua, yaliyo chini ya Nyumba ya Mungu, yalikuwa yakipata mafuriko ya masika yaliyoleta samaki na malisho. Bwawa lilipoanza kuyashika mafuriko hayo, mabwawa yakapungua, na riziki ya wavuvi ikapungua pamoja nayo. Penye mdomo wa mto, maji baridi yanapopungua maji ya chumvi hupanda juu kwa nguvu ya bahari, yakaharibu visima na mashamba yaliyo karibu na kingo. Watu hao hawakunyimwa na mfongo peke yake. Walinyimwa na mfongo, na mashamba makubwa, na mpunga, na bwawa, kila mmoja kwa sehemu yake. Lakini hakuna mzee wa mfongo aliyeweza kuwasikiliza. Kwa hiyo msimamizi wa mto mzima ni lazima awepo, na ni Serikali peke yake iwezayo kuwa msimamizi huyo.

Sera ya maji ya mwaka wa 2002 na sheria ya rasilimali za maji ya mwaka wa 2009, namba 11, zilijaribu kuzipatanisha pande hizi. Sheria ya mwaka wa 2009 inatanguliza mahitaji ya nyumbani ya mwanadamu, na baada yake inaweka akiba ya maji kwa ajili ya uhai wa mto wenyewe, ndipo wafuate kilimo, umeme na viwanda. Inatambua haki za kimila na kuruhusu ziandikishwe. Inawaruhusu watumiaji waunde vyama vyao. Hati nayo sasa yaitwa kibali, na badiliko hilo si la maneno tu, kwa maana haki ni ya mwenye nayo na kibali ni cha mwenye kukitoa. Hatua hizo zastahili sifa. Lakini jambo moja limebaki kama lilivyokuwa tangu mwaka wa 1948: kibali bado hutaja kiasi.

Tuliangalie jambo hilo kwa makini, maana ndilo shina la insha hii. Hati ikisema kuwa fulani achukue lita 50 kwa sekunde, yamwahidi kitu kisichokuwa mikononi mwa aliyeahidi. Katika masika ahadi ni ndogo kuliko mto, na hakuna agombanaye. Katika kiangazi jumla ya ahadi zilizoandikwa huushinda mto, na hapo kila mwenye hati ana haki kamili ya maji yasiyokuwapo. Atakayeyapata ni yule aliye juu, au aliye na banio la saruji lisilovuja. Hati, iliyoletwa ili iwalinde wa chini, katika siku ya shida huwa silaha ya wa juu. Zamu haikuwa na kasoro hiyo. Iligawa kilichopo, si kilichoandikwa. Jambo la ajabu ni kwamba hata marekebisho yaliyofanywa kwa nia njema, kama kujenga mabanio ya saruji na kusakafia mifereji ili maji yasipotee, yaliweza kuongeza uhaba chini, kwa sababu yaliziba kule kuvuja ambako ndiko kulikokuwa sadaka ya wa juu kwa wa chini.

Basi shauri linalotokana na historia hii si kurudi kwa Mangi, wala si kuitupa hati. Ni kuifundisha hati lugha ya zamu. Serikali, ambayo ndiyo imwonayo mvuvi na mkulima na mwenye kiwanda kwa jicho moja, igawe mto kwa mafungu: fungu la nyumbani na fungu la mto likiisha kutengwa, kila kundi lipewe sehemu ya kilichobaki, iwe thumni au robo, inayopanda na kushuka pamoja na mto. Kibali kipewe mfongo mzima na si mtu mmoja mmoja. Kisha ndani ya mfongo wenyewe wagawane kwa zamu kama wanavyojua, ila kwa sharti kwamba mwanamke mwenye shamba awe na zamu yake na sauti yake. Kazi ya kusafisha mfereji ihesabiwe katika ada, kwa kuwa ni ada kongwe kuliko zote. Na wenye mifongo wa juu wakutanishwe na wa chini ana kwa ana, wasikutanishwe kwa karatasi, maana mtu huona haya kumnyima maji mtu anayemjua kwa uso.

Wako watakaosema kuwa kupima sehemu ni kazi ngumu kuliko kupima kiasi. Nakiri kuwa ni kazi. Lakini waliochimba mifongo ya Kilimanjaro hawakuwa na mizani wala kalamu, nao waliligawa lililokuwapo, msimu baada ya msimu, bila kumwahidi yeyote lita moja. Walijua kwamba wagawanao maji hawagawani neema tu. Hugawana na ukame. Sheria inayogawa neema na kuuacha ukame umwangukie aliye mbali na banio haijamaliza kazi yake, hata ikiwa imepigwa chapa vizuri na kutiwa muhuri.